Aivi ya majani yaliyojikunja ilipoanza kurefuka: uchambuzi wa kisa kimoja

Mmea wenyewe ni aivi ndogo ya chunguni, mmea wa kutambaa na kupanda uitwao kitaalamu Hedera helix, wa aina iitwayo 'Ivalace'. Watu huipenda kwa majani yake: madogo, ya kijani kilichokolea, yanayong'aa, na kingo zake zimejikunja kuelekea chini hata jani zima likaonekana kama limedariziwa. Mashina yake ni magumu kiasi, hutoa matawi yenyewe bila kukatwa mara kwa mara, na kichaka chote hubaki kifupi. Mwenye mmea huu aliuchagua kwa ajili ya umbo hilo hilo.

Baada ya miezi kadhaa ndani ya nyumba, umbo likaanza kupotea. Tawi moja lilichomoza juu ya mengine likiwa na majani bapa na mapana yasiyo na mkunjo wowote. Matawi mengine yakarefuka na kuacha nafasi kubwa kati ya jani na jani. Majani ya katikati yalififia yakajaa vidoadoa vyeupe, na ya chini yakakauka kuanzia kwenye ncha. Mwenyewe aliona tatizo moja tu katika hayo yote: mmea una njaa. Akaongeza mbolea maradufu. Hali ikazidi kuwa mbaya.

Kisa hiki kinastahili kuelezwa kwa kirefu kwa sababu ndani ya chungu kimoja mlikuwa na dalili nne zenye sababu nne tofauti, na ile iliyoonekana kwa macho kuliko zote, yaani lile tawi refu la majani bapa, haikuwa ugonjwa kabisa. Anayetibu tawi la namna hiyo kwa maji, mbolea au dawa atahangaika bure. Ili kuelewa kwa nini, lazima turudi nyuma kidogo tuone umbo hili linatoka wapi.

Umbo linatoka wapi

Hedera helix asili yake ni Ulaya na Asia ya magharibi. Ikiota porini hutambaa, kisha hupanda miti na kuta kwa vijizizi vinavyotoka kwenye shina, na majani yake katika hatua hiyo huwa na ncha tatu hadi tano. Ikifika juu penye mwanga hubadilika tabia. Matawi mapya hayashikilii kitu tena, majani yanakuwa ya umbo la yai bila ncha za pembeni, maua yanatoka, kisha matunda madogo meusi. Ni mmea ule ule wenye sura mbili. Ukikata kipandikizi kwenye tawi la utu uzima na kukiotesha, utapata kichaka kilichosimama kisichotambaa, na kitaendelea hivyo kwa miaka mingi. Kichocheo cha ukuaji kiitwacho jiberelini kinaweza kulirudisha tawi la utu uzima kwenye sura ya utoto. Nayataja haya ili ieleweke kwamba mmea huu una uwezo mkubwa wa kubadili umbo hata pale ambapo hakuna kilichoharibika.

Juu ya uwezo huo kuna jambo la pili. Mara kwa mara kichipukizi kimoja hupata mabadiliko ya vinasaba na kutoa tawi lisilofanana na mama yake: pingili (kipande cha shina kati ya fundo na fundo) fupi kuliko kawaida, jani lenye kingo zilizokunjwa, jani dogo mno, jani lenye mabaka meupe. Wakulima wenye jicho kali waliliona tawi la namna hiyo, wakalikata, wakaliotesha peke yake. Katika miaka ya 1920 huko Marekani ilitokea aina iliyoitwa 'Pittsburgh', yenye pingili fupi na inayojitolea matawi yenyewe, na kutoka kwenye ukoo wake zikapatikana aina nyingi za vyunguni tunazozijua leo. Zipo 'Duckfoot' yenye vijani vidogo vya ncha butu, 'Spetchley' ambayo ni miongoni mwa zilizo ndogo kuliko zote, 'Parsley Crested' ya kingo zenye mawimbi, na 'Erecta' na 'Congesta' ambazo hazitambai hata kidogo bali husimama wima na majani yaliyopangwa safu mbili, kushoto na kulia mwa shina. American Ivy Society, chama kilichoanzishwa mwaka 1973, kina kundi zima la aivi zisizo za kawaida kwa ajili ya zile ambazo hazifanani na wenzake.

Karibu zote huzalishwa kwa vipandikizi. Mbegu haziaminiki, kwa sababu miche yake haifanani na mmea ulioitoa. Kwa hiyo 'Ivalace' iliyo chunguni ni kipande cha tawi lililochaguliwa na mtu zamani, kikakatwa na kuoteshwa tena na tena. Kichipukizi kilichoweza kubadilika mara ya kwanza kinaweza kubadilika tena, na mara nyingi badiliko la pili hulirudisha tawi kwenye umbo la kawaida la ukoo. Kwa maoni yangu hili ndilo jambo ambalo wauzaji wengi hawamwambii mnunuzi, na ndilo angepaswa kuambiwa kabla ya habari za maji na mbolea: kazi ya kuchagua haikuishia kitaluni. Anayeimwagilia ndiye anayeiendeleza.

Tawi la majani bapa

Tawi refu kwenye aivi fupi linaweza kuwa na maelezo kadhaa, na kila moja lina ushahidi wake. Mimi na mwenye mmea tuliyapitia moja moja.

Uwezekano wa kwanza ulikuwa kwamba tawi lile ni mmea mwingine kabisa. Vyungu vya aivi kwa kawaida huwa na vipandikizi vingi vilivyochomekwa pamoja ili kichaka kionekane kimejaa tangu mwanzo. Kipandikizi cha aina nyingine kikichanganyika kitaluni, hakuna atakayekiona mpaka kirefuke. Namna ya kujua ni kulifuata tawi kwa vidole hadi linapoanzia. Tulilifuata. Halikutokea kwenye udongo. Lilichipua kwenye fundo la shina lililokuwa na majani yaliyojikunja vizuri chini yake na juu yake. Uwezekano huo ukaondoka.

Wa pili ulikuwa kwamba mmea umeingia utu uzima. Huu haukuchukua muda. Majani ya tawi lile yalikuwa na ncha tano zilizo wazi, na shina lake lilikuwa na vijizizi vidogo upande wa chini. Tawi la utu uzima halina ncha wala vijizizi, na ni nadra sana kutokea kwenye mmea mdogo wa chunguni.

Wa tatu ulikuwa upungufu wa mwanga. Kivuli hurefusha pingili na kufanya majani yawe machache na hafifu, lakini hakiwezi kuunyoosha mkunjo wa jani moja moja kwenye tawi moja tu huku matawi jirani yaliyo kwenye kivuli hicho hicho yakibaki na mkunjo wake. Hapo ndipo penye tofauti kubwa. Mazingira huathiri mmea mzima, au angalau upande mzima. Badiliko la kichipukizi huathiri tawi moja, kuanzia fundo moja, na kila jani la tawi hilo kuanzia hapo.

Basi tawi lile lilikuwa limerudi kwenye umbo la kawaida. Kutokana na hilo tunaelewa kwa nini lilikuwa ndilo lenye afya kuliko yote. Jani bapa na pana hupokea mwanga mwingi kuliko jani dogo lililokunjamana, na pingili ndefu hulipandisha juu ya wenzake. Likiachwa, linapata chakula kingi zaidi, linatoa matawi mengine ya namna yake, na kichaka kilichojikunja kinabaki chini yake kikidhoofika. Kwenye aina zenye mabaka meupe mambo huenda vivyo hivyo: tawi la kijani kitupu lina umbijani zaidi, yaani ile rangi ya kijani inayoutengenezea mmea chakula, hukua haraka zaidi, na mwisho huufunika mmea wote.

Mwenye mmea alisita kulikata. Alisema ndilo tawi pekee lililomfurahisha macho kwa wakati ule, na kweli lilikuwa zuri. Lakini uzuri wake ulikuwa wa aivi ya kawaida, inayopatikana kila mahali. Aliyoitaka yeye ilikuwa inazama. Nilimshauri alikate pale pale linapoungana na shina mama, pamoja na kijicho kilichopo kwenye fundo, wala asiache kipande chenye hata jani bapa moja, kwa kuwa fundo la tawi lililokwisha kubadilika litatoa tawi lile lile tena. Kipande kilichokatwa hakikutupwa. Kilioteshwa kwenye chungu chake, na majani yake mapya yote yalitoka bapa, ingawa mwanga, udongo na maji vilikuwa sawa na vya vipandikizi vya matawi yaliyojikunja, vilivyobaki na mkunjo wake. Kwangu mimi huo ulikuwa ushahidi wenye nguvu kuliko maelezo yote ya awali.

Matawi mengine kurefuka

Matawi yaliyobaki yalikuwa na majani ya umbo sahihi, ila pingili zake zilikuwa ndefu na rangi imepauka. Yote yalielekea upande mmoja. Chungu kilikuwa kimewekwa kwenye rafu ya ndani, mbali na dirisha, mahali panapoonekana pana mwanga kwa jicho la binadamu kwa kuwa jicho letu huzoea giza upesi. Mmea hauzoei kwa namna hiyo. Aivi husifiwa kuwa huvumilia kivuli, na ni kweli huvumilia: haifi. Lakini aina fupi huhitaji mwanga mwingi usio wa jua kali la mchana ili zibaki fupi. Kuishi ni jambo moja, kuhifadhi umbo ni jingine.

Mbolea ilichangia. Naitrojeni nyingi kwenye mwanga hafifu husukuma mmea utoe shina refu na laini. Inawezekana pia kwamba kitalu kilitumia dawa ya kudhibiti urefu, kama inavyofanyika kwa mimea mingi ya vyunguni. Nguvu ya dawa hiyo ikiisha, pingili hurefuka kidogo kwenye mmea mzima, huku majani yakibaki na rangi nzuri. Hapa rangi ilikuwa imepauka, kwa hiyo lawama kubwa naiweka kwenye mwanga.

Pingili iliyokwisha kurefuka hairudi kuwa fupi. Kuhamisha chungu kunasaidia ukuaji ujao tu. Yale matawi yaliyolegea hayana tiba isipokuwa kukatwa hadi kwenye fundo lililo karibu na sehemu iliyosongamana.

Vidoadoa

Karatasi nyeupe chini ya jani, kidole kikapiga jani mara chache, na nukta zikaanza kutembea. Walikuwa utitiri, Tetranychus urticae, viumbe wa ukubwa wa nusu milimita hivi, jamaa wa buibui, wanaofyonza seli za jani moja moja. Kila kidoa cheupe ni seli zilizokwisha kunyonywa. Utando mwembamba ulionekana kwenye makwapa ya majani machache tu, maana yake hawakuwa wamefikia kiwango cha kuua mmea, lakini walikuwa njiani.

Utitiri hupenda joto na hewa kavu. Kwenye nyuzi 30 za Selsiasi hutoka yai hadi kukomaa kwa takriban wiki moja. Kwenye nyuzi 15 huchukua zaidi ya wiki tatu. Aivi yenyewe hustawi zaidi kwenye nyuzi 10 hadi 20 hivi. Chumba chenye joto na hewa kavu kinamdhoofisha mwenyeji na kumneemesha mgeni kwa wakati mmoja, ndiyo maana tatizo hili huonekana sana kwenye aivi za ndani kuliko za nje.

Kwenye aina za majani yaliyojikunja pana ugumu wa ziada ambao hauonekani kwenye aivi za kawaida. Mikunjo ile inayopendwa ndiyo maficho. Dawa ikinyunyizwa kutoka juu hutua kwenye upande wa juu wa jani na kuteleza, wakati utitiri na mayai wamo upande wa chini, ndani ya ukingo uliopinda. Mwenye mmea alikuwa amenyunyiza maji kila siku bila mafanikio, na hakuwa mvivu. Maji hayakuwa yanafika. Kilichofaa ni kuuzamisha mmea. Udongo ulifunikwa kwa plastiki na kufungwa, chungu kikageuzwa juu chini, na kichaka chote kikatumbukizwa kwenye beseni la maji ya vuguvugu na kutikiswa taratibu, kisha kikatumbukizwa tena kwenye maji yenye sabuni maalumu ya wadudu wa mimea, kwa kipimo cha kwenye chupa. Sabuni huua walio hai inapowagusa, ila haiui mayai, kwa hiyo zoezi lilirudiwa kila baada ya siku tano hadi saba, mara tatu. Anayefanya mara moja akaona mmea umetakata, akaacha, atawakuta tena.

Baada ya kila zoezi chungu kiliwekwa penye hewa inayotembea ili majani yakauke upesi. Hilo si la hiari kwenye majani yanayoshika maji. Kuna bakteria wa aivi, Xanthomonas, anayeleta mabaka yanayoonekana kama yamelowa, yenye duara la njano pembeni, na anasambazwa na maji yanayokaa juu ya majani wakati wa joto.

Majani ya chini

Kwa kuwa nimemtaja bakteria, niseme jinsi tulivyomwondolea shaka. Majani yaliyokufa yalikauka kuanzia kwenye ncha, makavu, bila mabaka ya unyevu na bila duara la njano. Ukingoni mwa udongo palikuwa na ukoko mweupe. Ule ni mabaki ya chumvi za mbolea, na ncha kuungua ndiyo dalili yake ya kawaida. Tulipoutoa mmea kwenye chungu, kisahani cha chini kilikuwa na maji yaliyosimama, na mizizi ya robo ya chini ilikuwa ya kahawia, laini, yenye harufu ya uozo. Mizizi ya juu ilikuwa mizima, myeupe.

Basi mbolea maradufu iliongezwa kwenye mizizi iliyokuwa inaoza na isiyoweza kuitumia. Sikuona sababu ya kusuuza udongo kwa maji mengi, ambayo ndiyo njia ya kawaida ya kuondoa chumvi, kwa kuwa maji ndiyo yaliyokuwa yanaiua mizizi. Tulikata iliyooza, tukauondoa udongo wa zamani kadiri ulivyotoka wenyewe, na kuupanda mmea kwenye mchanganyiko mwepesi wenye perlaiti (punje nyeupe nyepesi za mwamba zinazopitisha maji), ndani ya chungu kidogo kuliko cha kwanza. Chungu kikubwa kwa mizizi michache hukaa na maji muda mrefu. Mbolea ikasimamishwa hadi majani mapya yalipoonekana, kisha ikarudishwa kwa nusu ya kipimo, tena wakati mmea unakua tu. Maji sasa hutolewa udongo wa juu ukikauka kiasi cha kina cha kidole kimoja, na kisahani humwagwa kila mara.

Vipandikizi kabla ya kila kitu

Hatua niliyoitanguliza kuliko zote ilikuwa kuchukua vipandikizi kwenye tawi lenye mikunjo mizuri na pingili fupi kuliko mengine, kabla hata ya kugusa mizizi. Mmea unaoumwa mizizi unaweza kufa mikononi mwa anayeutibu. Tulikata vipande vya sentimita 8 hivi, tukavizamisha kwenye maji ya sabuni ili tusihamishe utitiri, tukavisuuza, kisha tukavichomeka kwenye udongo mwepesi wenye unyevu. Glavu zilivaliwa muda wote: utomvu wa aivi una falkarinoli, kemikali inayowasha na kuvimbisha ngozi za baadhi ya watu. Majani na matunda yake pia yana saponini, kemikali zenye sumu zikiliwa, kwa hiyo vyungu visiwekwe mahali ambapo watoto au paka wanaweza kuyatafuna.

Tawi la kuchukulia vipandikizi lilichaguliwa kwa kukagua majani yote kuanzia chini hadi juu, si ncha peke yake. Tawi lenye ncha nzuri lakini lenye jani moja bapa katikati nilisema lisitumiwe. Wengine wangesema huo ni ukali kupita kiasi. Naamini ndiyo namna pekee ya kuishika aina hii kwa muda mrefu, kwa sababu kila kipandikizi kinabeba historia ya fundo kilikotoka.

Vipandikizi vingi vilishika. Mmea mama ulipona polepole, ukabaki na shina chache za chini zisizo na majani, na hizo hazijajazwa na chochote. Mwenyewe ameamua kuutunza kama chanzo cha vipandikizi, na chungu cha kuonyesha ni kile kipya kilichotokana navyo, kilichowekwa karibu na dirisha lenye mwanga bila jua la moja kwa moja. Hugeuzwa mara kwa mara ili kisiegemee upande mmoja.

Yale matawi yaliyokatwa na kutohitajika yalifungwa kwenye mfuko na kutupwa na taka za nyumbani, wala hayakumwagwa kichakani. Aivi huota mizizi kutoka kwenye kipande chenye fundo kikigusa udongo wenye unyevu, na nje ya makao yake ya asili imekuwa gugu linalofunika misitu. Jimbo la Oregon nchini Marekani limeiweka kwenye orodha ya magugu hatari na kuzuia uuzaji wake.

Kilichobaki ni ukaguzi. Mmea mama umeshatoa jani bapa mara moja zaidi, karibu na fundo lile la kwanza, na lilikatwa likiwa bado dogo, kabla halijawa tawi. Mwenye mmea sasa huupekua kila anapoumwagilia, akianzia kwenye shina hilo.